"Si polio" si jibu kwa mama wa mtoto aliyelegea miguu

Leo nasema juu ya watoto ambao Jumatatu walikuwa wanakimbiza mpira wa makaratasi na kufika Ijumaa hawawezi kusimama. Si wengi. Na kwa sababu si wengi, hawana mtu wa kuwasemea. Malaria ina vyandarua vyake, kolera ina hema zake, surua ina kampeni, mpox ina matangazo. Mtoto aliyelegea miguu ghafla ana mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni mpango wa polio. Watu wa mpango wanafika, wanachukua choo chake, wanakituma Kinshasa. Jibu likirudi kwamba si polio, faili inafungwa.

Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo faili ilipaswa kufunguliwa.

Ugonjwa ninaoutaja una jina la Kifaransa, na kwenye redio mtausikia ukitamkwa Giyen-Bare. Unaandikwa Guillain-Barré. Mwaka 1916, katikati ya vita kuu ya kwanza, waganga watatu wa jeshi la Ufaransa, Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl, waliandika habari za askari wawili waliopoteza nguvu za miguu bila kupigwa risasi na baadaye wakapata nafuu. (Mwaka uleule babu zetu wa Kivu walikuwa wanabebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji kuelekea Tabora. Kama kati yao kulikuwa na aliyelegea miguu njiani, hakuna aliyeandika.) Leo, mahali ambapo polio imekwisha, Guillain-Barré ndiyo sababu ya kwanza inayofanya mtoto alegee ghafla.

Unaanzaje? Mara nyingi mtoto ameugua kitu kidogo wiki mbili au tatu kabla: kuhara, mafua, kikohozi. Mwili wake unatengeneza askari wa kupigana na mdudu yule. Kuna mdudu wa kuhara anayeitwa kampilobakta, anayekaa kwenye kuku, kwenye maji machafu na kwenye nyama isiyoiva, ambaye ngozi yake inafanana kidogo na ngozi ya mishipa ya fahamu ya mtu. Askari wanammaliza mdudu, kisha wanaona mshipa wa fahamu na kudhani ni adui yuleyule. Wanaanza kuuchuna. Mshipa wa fahamu ni kama waya wa umeme: ndani kuna chuma, nje kuna plastiki. Ukichuna plastiki, amri kutoka kwenye ubongo haifiki mguuni. Mguu wenyewe ni mzima na mfupa ni mzima, ila habari haipiti.

Kwa hiyo ugonjwa huu hauambukizi. Jirani asiogope kumshika mtoto. Wala hautoki kwa mtu mwenye jicho baya, nami nitarudi kwenye jambo hilo.

Kwa mtoto mdogo tatizo la kwanza ni kwamba hajui kusema "ninaishiwa nguvu". Mtoto wa miaka 2 au 3 analia. Analia ukimgusa mapaja, analia ukimfunga mgongoni kwa kitenge, anakataa kushuka chini, anataka kubebwa siku nzima. Usiku anashika miguu na kiuno. Maumivu haya yanaweza kuja mbele ya ulegevu, na ndiyo yanayotudanganya, kwa sababu homa hana au anayo kidogo, anakula, anacheka kidogo, na sisi tunasema ni deko. Baadaye anaanguka akitembea. Kisha hawezi kuinuka kwenye mkeka bila kujivuta kwa mikono. Miguu yote miwili inalegea karibu sawasawa, si mmoja tu. Ulegevu unapanda: miguu, halafu mikono, halafu uso, na hapo mtoto analala macho hayafungi vizuri. Halafu koo, akinywa maji yanatokea puani. Halafu kifua.

Wengi wanafika chini kabisa ndani ya wiki mbili, na karibu wote ndani ya wiki nne. Baada ya hapo ugonjwa unasimama, na polepole waya zinajivika tena. Watoto wanapona kuliko watu wazima. Wengi wao watatembea tena, hata baadhi ya wale waliofika mahali pa kushindwa kupumua, ikiwa kuna mtu aliyewapumulia siku zile mbaya. Huu si ugonjwa ambao Mungu amekwisha kuukatia hukumu. Mtoto anaweza kupita, lakini lazima avushwe.

Sasa tuangalie sisi tunavyozitumia zile wiki mbili.

Chukueni mfano wa mtoto wa miaka 3, kilo 14, mahali kama Minova. Siku ya kwanza analia miguu. Mama anamkanda kwa maji ya moto na mafuta. Siku ya pili anaanguka. Anapelekwa kwenye duka la dawa la barabarani, anapimwa malaria kwa kidole, na kwa kwetu hapa kipimo kinaweza kuonyesha malaria kwa mtoto yeyote, hata anayecheza. Anapewa dawa ya malaria. Siku ya tatu hasimami, na mtu anasema apigwe sindano. Anapigwa sindano ya matako, na mara nyingi ni dexa. Siku ya nne bibi anasema huyu amerogwa, au amepewa karuho. Siku ya tano mpaka ya nane ni chumba cha maombi, au tabibu wa kienyeji anayechanja chale magotini. Siku ya tisa sauti ya kilio imekuwa ndogo kama ya paka, na ndipo wanatafuta pikipiki ya kwenda hospitali.

Simlaumu mama. Kila mlango aliobisha ulikuwa karibu, na kila aliyefungua alimpa jina la ugonjwa bila kusita. Hospitali ndiyo iliyokuwa mbali na ghali. Lakini inabidi tuseme hasara iko wapi. Dexa na dawa za jamii yake hazisaidii Guillain-Barré, jambo hili limechunguzwa na linajulikana. Sindano ya matako kwa mtoto mwembamba inaweza kuchoma mshipa mkubwa wa mguu na kumwongezea ulemavu wa pili. Na kama ulegevu ule ulikuwa polio kweli, kuchomwachomwa sindano kunaweza kuzidisha kupooza. Maji ya moto nayo yanaunguza mguu ambao hausikii vizuri. Sala haimdhuru mtoto, lakini inaweza kusaliwa kando ya kitanda cha hospitali, na pasta yeyote mwenye akili atakubali kupanda pikipiki kwenda huko.

Juu ya karuho neno moja tu. Sumu yoyote inayoweza kulegeza mtoto ni sababu ya kukimbilia hospitali siku ileile, si ya kutafuta aliyemlisha. Familia ngapi zimegawanyika, na mama wakwe wangapi wamekimbia kijiji, kwa sababu ya ulegevu ambao ulianza na kuhara?

Tufike kwa muuguzi wa kituo cha afya, maana wengi watafika kwake. Anaweza kujua mengi bila maabara, kwa nyundo ndogo ya mpira au hata kwa ukingo wa kiganja chake. Mtoto akae, miguu ininginie, agongwe chini ya goti. Mguu wa mtoto mzima unaruka. Wa mtoto mwenye Guillain-Barré haurukiruki, au unaruka kidogo sana. Hapo hapo anatenganisha ugonjwa huu na konzo, ambayo ni ndugu yake wa uongo: konzo inashika miguu miwili ghafla vilevile, lakini miguu inakakamaa badala ya kulegea, na goti linaruka kupita kiasi.

Konzo inaletwa na muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa siku za kutosha, hasa pale ambapo watu hawana nyama wala maharage. Zamani tulidhani ni mambo ya Bandundu. Lakini waganga wamekwisha kuieleza hata kwetu Kivu ya Kusini, Burhinyi, na wakaihusisha na vita. Tunaelewa kwa nini. Mtu anayekimbia mara tatu kwa mwezi hana muda wa kuloweka muhogo siku nne. Kwa hiyo muuguzi anayepokea familia za wakimbizi wa ndani aulize: mmekula nini mwezi huu, na mmeutengenezaje?

Maswali mengine ni mepesi. Ni mguu mmoja tu, na ulianza siku ileile ya sindano? Basi ni sindano. Ni mguu mmoja au mkono mmoja, pamoja na homa kali? Tufikirie polio kwanza. Mgongo una nundu na ulegevu umekuja kwa miezi? Tuangalie kifua kikuu cha mgongo. Mtoto ameharisha vibaya siku mbili hizi, kama wa kolera, na mwili wote umelegea mpaka shingo? Labda damu imepungukiwa na potasiamu, na hiyo inarekebishwa kwa saa chache hospitalini. Mkojo umekataa kutoka kabisa? Labda ni uti wa mgongo wenyewe. Hakuna swali hata moja kati ya haya linalohitaji umeme.

Hospitali kubwa inaweza kuongeza ponksio, yaani kuchota maji kidogo kwenye mgongo. Katika Guillain-Barré maji yale yana protini nyingi lakini chembechembe za kupigana na wadudu ni chache, ingawa wiki ya kwanza yanaweza kuonekana ya kawaida. Najua ponksio inaogopwa hapa kwetu. Tunasikia kila siku kwamba fulani alichotwa mgongo akafa. Ukweli ni kwamba wengi wanaochotwa walikuwa wamefika na meninjiti katika hali mbaya sana, na kifo kilikuwa kimekwisha kukaa kitandani kabla ya sindano. Waganga nao wana deni: wakae chini na kueleza kabla ya kugeuza mtoto ubavu. Dakika tano za maneno zinaweza kuzuia familia kutoroka usiku.

Sasa nirudi kwenye mpango wa polio, kwa sababu ndiko hoja yangu iliko.

Sheria yake ni nzuri. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla lazima atangazwe, hata kama muuguzi anaamini ni kitu kingine. Wauguzi wanamwita "kisa cha PFA". Sampuli mbili za choo zinachukuliwa, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Zinawekwa kwenye sanduku la baridi na kusafirishwa mpaka maabara ya INRB Kinshasa. Kuna reko kijijini anayepaswa kutoa habari, kuna mtu wa zone ya afya anayepaswa kuja kwa pikipiki, kuna fomu, kuna simu, kuna pesa za mafuta. Niambieni ni ugonjwa gani mwingine adimu wa watoto wenye mtandao kama huo.

Na kuna jambo ambalo raia wengi hawalijui. OMS inapima kama mpango unafanya kazi kwa kuhesabu watoto waliolegea ambao hawana polio. Ndiyo, ambao hawana. Kila jimbo linapaswa kuonyesha kila mwaka angalau mtoto mmoja wa namna hiyo kwa kila watoto laki moja, na pale penye hatari wawili. Likionyesha wachache, linaulizwa: mbona hamuwaoni? Kwa maana watoto hao wapo daima, kila nchi. Kongo ina watu zaidi ya milioni 100, karibu nusu yao watoto. Fanyeni hesabu ya kidole: hata kwa kile kipimo cha chini, kila mwaka tunatarajiwa kuonyesha watoto karibu 500 waliolegea bila polio. Si wote wana Guillain-Barré, lakini yeye ndiye mkubwa wa kundi hilo.

Yaani mtoto huyu anahitajika. Anatafutwa, anahesabiwa, anaingia kwenye ripoti kama ushahidi kwamba mpango uko macho. Halafu anaachwa kwenye mkeka wake. Nimesikia malalamiko hayohayo mahali tofauti, kwa maneno yanayokaribiana: walikuja, walichukua mavi ya mtoto, walienda. Wengine hata jibu la Kinshasa halikuwafikia. Wengine waliambiwa "si polio, mshukuru Mungu", wakashukuru, na mtoto akaendelea kulegea.

Sisemi mpango wa polio umekosa. Uliletwa kuwinda virusi, na kazi hiyo bado ipo. Afrika ilitangazwa huru na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020, lakini Kongo yetu imeendelea kupata polio ya aina ya 2, inayotokana na virusi vya chanjo ya matone vilivyozunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa mpaka vikapata tena nguvu. Ninachosema ni kwamba pikipiki ile, simu ile na fomu ile vimekwisha kulipiwa. Kuongeza juu yake maswali manne na amri moja hakugharimu chochote.

Maswali ni haya. Goti linaruka? Mtoto anameza? Anakohoa kwa nguvu? Ulegevu wa leo umezidi wa jana? Na amri ni hii: kama goti haliruki na ulegevu unapanda, mtoto aondoke siku ileile na pikipiki ileile iliyoleta sanduku la baridi. Sampuli ya choo inasafiri kwenye barafu mpaka Kinshasa. Mwenye choo asafiri basi mpaka hospitali kuu ya zone.

Najua mtaniuliza: hospitali kuu ina nini cha kumpa? Dawa yenyewe inaitwa imunoglobulini. Inatengenezwa kutoka kwa maji ya damu ya maelfu ya watu, na inapitishwa kwenye mshipa polepole. Ni ghali. Dozi ni gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, kwa kawaida inagawanywa siku tano. Inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji gramu 140, na hapo naelewa mkuu wa hospitali akitikisa kichwa. Lakini yule mtoto wetu wa kilo 14 anahitaji gramu 28. Chupa tatu za gramu 10 zinamtosha na kubaki kidogo. Bado ni pesa, inapita dola elfu moja kwa urahisi, na hakuna familia ya kambini inayoweza kuzitoa. Lakini kwa jimbo lenye mashirika mengi kama letu, kuweka akiba ya dozi chache za watoto kwenye friji ya hospitali moja ya Goma na moja ya Bukavu, kwa orodha inayojulikana na kila zone ya afya, si ndoto. Tunatunza chanjo kwa baridi mpaka Walikale. Tutashindwa kutunza chupa kumi mjini?

Kuna njia ya pili, kusafisha maji ya damu kwa mashine. Inasaidia sawa na ile ya kwanza, lakini kwa mtoto mdogo ni ngumu, mishipa yake ni miembamba na mashine hatuna. Bangladeshi, nchi yenye watu maskini wengi kama sisi, waganga wamejaribu njia ya mkono isiyo na mashine kwa watu wazima 20, wakaandika mwaka 2018 kwamba inawezekana. Kwa watoto bado. Nalitaja ili vijana wetu wa kitivo cha uganga wajue kwamba nchi isiyo na pesa pia inaweza kutafuta.

Lakini tusijifiche nyuma ya bei ya imunoglobulini. Mtoto mwenye Guillain-Barré anakufa hasa kwa sababu ya kifua, koo na moyo, na mambo matatu hayo yanaangaliwa na mtu, si na chupa. Kuhesabu pumzi kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mtoto mkubwa kidogo aambiwe ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja: asubuhi amefika 15, jioni amefika 8, basi hatari iko mlangoni. Mdogo asiyejua kuhesabu, sikiliza kilio na kikohozi. Kumpitishia uji kwa mpira wa puani akianza kukabwa. Kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda. Kupima presha na mapigo ya moyo, maana vinaweza kupanda na kushuka ghafla. Kumpa dawa ya maumivu, kwa sababu maumivu ni ya kweli. Kunyoosha viungo vyake kila siku. Na kumpeleka mapema mahali penye oksijeni na mtu anayejua kupitisha mpira wa kupumulia, kabla hajaanza kuwa na midomo ya bluu. Hospitali inayongoja midomo ya bluu imekwisha kuchelewa.

Baadaye inakuja kazi ya kine. Hiyo ni miezi, na ndiyo tunayoidharau kuliko yote. Goma tuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu tuna Heri Kwetu, na watu wao wanajua kumfundisha mtoto kusimama upya. Mtoto aliyepona mishipa lakini akakaa miezi sita amekunja magoti kwenye mkeka atabaki mlemavu kwa sababu ya mkeka.

Neno kwa wazazi juu ya chanjo, kwa sababu litakuja. Kampeni ya polio ikipita nyumba kwa nyumba, watoto mamilioni wanapewa matone kwa siku chache. Kati yao, kwa hesabu tu, wapo wachache ambao walikuwa walegee wiki ile hata bila matone. Mzazi ataunganisha mambo mawili, na mimi nisingemcheka. Lakini utafiti haujathibitisha kwamba matone yanaleta Guillain-Barré. Kijiji kinachofunga milango kwa watu wa chanjo ndicho kinachoipa polio ya aina ya 2 nyumba ya kuishi. Serikali nayo ikitaka kuaminiwa, isije kijijini na matone tu. Ije pia na jibu la yule mtoto wa mwaka jana aliyechukuliwa choo. Mama anayeona mtoto wa jirani amefuatiliwa mpaka akatembea hatamfungia mlango mchanjaji.

Kuna watoto wengine wachache ambao ugonjwa hausimami. Unapita wiki nane ukiendelea, au unapona kisha unarudi. Huo ni ndugu mwingine wa ugonjwa huu, wa muda mrefu, na kwake prednisoloni, dawa ya bei ndogo, inasaidia kweli. Kwa hiyo mtoto aliyeambiwa "itapona yenyewe" na miezi miwili ikapita akizidi kulegea, arudishwe kwa mganga. Ndiyo maana kumwangalia tena ni lazima. Mpango wa polio wenyewe una utaratibu wa kurudi baada ya siku 60 kuona kama ulegevu umebaki, hasa kwa wale ambao sampuli zao hazikufika vizuri.

Hapa ndipo wakimbizi wa ndani wanapotea. Kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, watu walitawanyika kwa siku chache, wengine Masisi, wengine Rutshuru, wengine Kalehe, wengine kwa jamaa mjini. Mtoto aliyeandikwa kwenye fomu "kambi fulani, bloku fulani" hana tena bloku. Siku ya 60 mtu wa mpango anafika kwenye uwanja mtupu wa mawe ya volkano, anaandika "hakupatikana", na sheria imetimizwa.

Basi ninaomba jambo dogo, na ninaliomba kwa zone za afya zote mbili upande na upande wa mstari wa mapigano, maana mishipa ya fahamu ya mtoto haina upande. Fomu ya PFA ya mtoto wa familia iliyohamishwa iandikwe simu mbili: ya mzazi, na ya mtu mmoja asiyehama, shangazi mjini, pasta, mwalimu. Mzazi apewe karatasi yake, si kuiacha ofisini, yenye tarehe ya ulegevu kuanza, tarehe za sampuli, na goti liliruka au halikuruka. Karatasi hiyo aikunje pamoja na kadi ya chanjo kwenye ule mfuko wa plastiki tunaokimbia nao. Popote atakapofika, Walungu, Uvira, Bunia au ng'ambo ya mpaka, muuguzi atakayemfungulia atajua aanzie wapi.

Na wewe mama unayesikiliza sasa hivi, mtoto wako analia miguu tangu jana na leo ameanguka mara mbili: usingoje kipindi kijacho. Mwite reko wa mtaa wenu, sema neno "amelegea", na umtaje siku iliyoanza.